Pointi Tano kwa Kila Ngazi

Kila nipandapo ngazi, mchezo hunipa pointi tano,
na kila mara nazimwaga zote kwenye fuawe.
Miezi kumi na minne sasa.
Uhunzi wangu umefika tisini na moja.
Vita vyangu: tisa.
Tisa!
Kuna sungura wa theluji kule Bonde la Majivu,
wenye meno, na wao wana kumi na moja.

Huku nje ya skrini ni Gdynia, mwezi wa pili.
Dirisha la ghorofa ya nne limeota barafu kingoni,
glavu zangu za kuchomelea zinakauka juu ya hita
zikinuka moshi.
Mchana kutwa nimeunga mabati ya meli ya Wanorwei.
Usiniulize kwa nini nikifika nyumbani
naketi kufua chuma tena,
chuma kisicho uzito, kisichounguza kope.
Labda kwa sababu hiki kikipinda hakuna msimamizi.
Labda kwa sababu saa mbili na nusu usiku
Jagna huingia.

Jagna yuko Wrocław, mwaka wa tatu wa ufamasia.
Kwa simu tunaongea nauli na kikohozi.
Mle ndani huja na mkuki begani
na kofia ya manyoya niliyomshonea
nilipokuwa bado mwanagenzi, mshono umekwenda upande,
naye hakubali kuivua.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Wangu hasani, havukuti.
Wangu hudunga mazimwi.

"Baba, weka mbili tu kwenye ngao.
Mbili tu. Nitakufufua mpaka lini?"
Nami humjibu: mshika mbili moja humponyoka,
na nyundo, mwanangu, ina wivu.

Basi fomula ya tisini na mbili ikataka fedha nyeusi,
na fedha nyeusi haichimbwi ila ng'ambo ya daraja,
na darajani amelala zimwi.
Hapo nikaung'amua ujanja wa waliotunga mchezo huu:
riziki ya mhunzi wameificha
nyuma ya mgongo wa asiyehitaji mhunzi.

Jumapili tukaenda.
Nikafa kabla ya ubao wa kwanza. Akanifufua.
Nikafa. Akanifufua.
Mara ya tatu aligeuka kuangalia kama nasimama,
na rungu likamshukia yeye.
Mkuki ukakatika katikati,
mkuki wa usiku sita wa kazi yangu,
palepale nilipochora jina lake.

Jina lake kwenye orodha likageuka kijivu.
Kesho yake nikakuta vipande viwili juu ya fuawe
na karatasi: "Unga. Nina mitihani hadi Alhamisi."

Nikaunga. Kovu linaonekana; nililiacha lionekane.
Kazi ile ikanipandisha ngazi,
na pointi tano zikakaa zikiniangalia.

Nikamfikiria Bogusz wa zamu yetu,
anayeunga chuma akiwa chali chini ya tumbo la meli,
mshono wake laini kama siagi,
miaka ishirini na minane kando ya maji,
na hajui kuogelea.
Tunamcheka kila Krismasi. Hucheka pia,
lakini hutembea akishika kamba.

Tatu kwenye ngao.
Mbili kwenye fuawe, maana talaka sikuwa tayari.

Kisha nikatoka peke yangu kuelekea bondeni.
Sungura wa kwanza aliniua.
Wa pili pia, na huyo alikuwa kilema.
Jumanne nzima nilikuwa nafa na kurudi,
chai ikipoa kando ya kibodi,
mpaka kidole kikajua chenyewe
lini kuinua ngao, lini kungoja.

Alhamisi akaingia. Akaupima mkuki, akalipapasa kovu.
"Hicho nini kiunoni mwako?"
"Mkia."
"Mkia wa nini?"
"Sungura."
Kimya. Nukta tatu zikacheza kwenye skrini, zikazimika,
zikacheza tena.
"Twende darajani," akaandika.
"Hatua mbili nyuma yangu, baba.
Si kumi."